Zinki Isiyoliwa: Kisa cha Mguu wa Boti Uliotoboka Kisumu

Kitu cha kwanza Mzee, mwenye boti, alichonionyesha hakikuwa tundu. Kilikuwa zinki. Boti ilikuwa bado juu ya trela, maji yanachuruzika kwenye changarawe, naye akaniongoza moja kwa moja hadi nyuma, akainama, akagonga kile kipande cha metali kwa ukucha.

"Fundi, angalia mwenyewe. Miezi kumi na mmoja majini na zinki ni kama ilitoka dukani jana. Kwa hiyo habari ya zinki tuiache. Niambie kwa nini mguu wangu unamwaga unga."

Nikainama naye. Alisema kweli. Kona za kipande kile zilikuwa bado kali, na chini ya utando wa kijivu herufi za kiwandani zilisomeka. Shubiri moja kutoka hapo, alumini ya mguu ilikuwa imeng'atwang'atwa kama mkate ulioachwa wazi usiku kucha kwenye nyumba yenye panya.

Nakiandika kisa hiki pamoja na vipimo vyake kwa sababu boti za namna hii zinaendelea kuletwa ziwani kutoka pwani, na kosa lililouharibu mguu huu linafanana mno na utunzaji mzuri. Mzee si mzembe. Kila mwezi alikuwa akiipandisha boti na kukagua zinki zake. Kile alichokikagua ndicho kilichomdanganya.

Boti yenyewe ni ya faiba, futi 24, na kazi yake ni kupeleka wageni kisiwa cha Ndere, na wakati mwingine hadi kile cha Mfangano. Injini yake ni stendraivu: injini ya petroli imekaa ndani ya boti kama ya gari, na mguu wa alumini umetokeza nje nyuma ukiwa umebeba gia na propela. Muundo huo umekuwapo tangu Volvo Penta walipotoa Aquamatic yao mwaka 1959, lakini huku kwetu bado ni mgeni. Ukitaja injini ya boti pale Dunga au Usenge, watu huwaza ile ya kuning'iniza, ambayo mvuvi huifungua jioni, akaibeba begani na kulala nayo nyumbani kwa hofu ya wezi. Sidhani kama watu wametambua jinsi tabia hiyo ilivyookoa injini nyingi. Injini inayolala nyumbani inakauka kila usiku, na haiunganishwi na chochote. Mguu wa stendraivu unalala majini, usiku na mchana, mwezi baada ya mwezi. Ndiyo maana mafundi hodari kabisa wa injini za kuning'iniza, wenye miaka ishirini kazini, huduwaa wakiona alumini inageuka unga. Hawajawahi kuwa na sababu ya kuuona ugonjwa huu.

Kabla ya kufika Kisumu boti ilikaa Mtwapa, huko pwani, miaka sita. Huko ilihudumiwa vizuri, na siku ya kuipakia kwenye lori kwa safari ya zaidi ya kilomita 800, fundi wa kule aliifunga zinki mpya kabisa kama zawadi ya kuagana. Hizo ndizo nilizoonyeshwa.

Hali ya mguu ilikuwa hivi. Rangi ilikuwa imefura malengelenge pande zote mbili, na ukiyapasua unakuta unga mweupe, mkavu, laini kama wa muhogo. Kuzunguka nyumba ya beringi ya shafti ya propela, yaani pale karibu kabisa na propela, kulikuwa na vishimo vingi, na kimoja kilikuwa kimepenya hadi ndani. Nilipofungua nati ya chini oili ya gia ilitoka na rangi ya chai ya maziwa. Maji yalikuwa yameshaingia. Propela ilikuwa inang'aa. Ilikuwa ya stenlesi, imebadilishwa miezi tisa iliyopita baada ya ile ya alumini kupinda kwenye jiwe.

Mafundi wawili walikuwa wameiona boti kabla yangu. Mmoja alisema ni uchafu wa maji ya ziwa, mwingine akasema ni magugumaji, kwamba yakioza hutoa asidi. Siwalaumu, kwa sababu magugu hayo yamelaumiwa kwa mambo mengi tangu yaingie upande wetu wa ziwa, na mengi ni kweli. Lakini asidi ingekula mguu wote kwa usawa. Hapa kulikuwa na mahali palipoliwa na mahali pasipoguswa kabisa, na palipoliwa palikuwa na mpangilio. Mpangilio ni dalili ya umeme.

Hapa lazima nieleze jambo lenyewe, kwa kifupi.

Metali mbili tofauti zikigusana, au zikiunganishwa kwa waya, na zote zikiwa ndani ya maji yaleyale, tayari umetengeneza betri. Moja inatoa umeme na kuliwa. Nyingine inapokea na kubaki salama. Nani anamla nani si bahati nasibu. Kuna mpangilio unaojulikana: magnesi huliwa na zote, kisha zinki, kisha alumini, kisha chuma cha kawaida, na juu kabisa wako walaji, yaani shaba na stenlesi. Mguu wa alumini ulioshikilia propela ya stenlesi ni mbuzi aliyefungwa kamba moja na chui. Ndipo tunapomletea chui mbuzi mwingine, dhaifu zaidi, tunakifunga kipande cha metali ya chini mguuni ili kiliwe badala yake. Kipande hicho kwa jina lake halisi ni anodi. Mwanakemia Humphry Davy aliijaribu mbinu hii mwaka 1824 kwa ajili ya manowari za Uingereza zilizofunikwa shaba, na mpaka leo hatujapata iliyo rahisi zaidi.

Kwetu sisi, madukani na kwenye gereji, anodi zote zinaitwa zinki. Ukienda kununua unasema "nipe zinki", na muuzaji anakupa aliyonayo. Tatizo la Mzee lilianzia kwenye jina hilo. Zinki ni metali mojawapo tu kati ya tatu zinazotumika kwa kazi hiyo, na ni ya bahari. Katika maji baridi, yasiyo na chumvi, zinki hujifunika kwa gamba gumu jeupe au la kijivu, na gamba hilo linaifunga kama plasta inavyofunga ukuta. Umeme hautoki tena. Kipande kinabaki na kona zake kali na herufi zake za kiwandani, mwenyewe anapita akikitazama na kuridhika, huku mguu ukiwa umeachwa bila mlinzi.

Narudia kwa wenye boti ziwani: anodi ambayo haipungui haifanyi kazi. Ikikaa miezi sita bila kupungua, uliza kwa nini.

Maji yana sehemu yake pia. Maji ya bahari hupitisha umeme mara mia kadhaa kuliko maji ya Ziwa Victoria. Mtu angedhani hiyo ni habari njema, na kwa kiasi ni kweli, maana huku mambo huenda polepole. Ila kuna upande wa pili. Kwa kuwa umeme unapita kwa shida, hausafiri mbali. Baharini anodi moja iliyo juu inaweza kulinda mguu mzima hadi kwenye propela. Ziwani ulinzi wake unaishia karibu. Na ulaji wenyewe unajikusanya pale metali mbili zinapokaribiana, badala ya kujitawanya. Ndiyo sababu tundu lilikuwa kwenye nyumba ya beringi, vidole vichache kutoka kwenye ile stenlesi.

Sasa vipimo. Kabla ya kuufungua mguu wenyewe niliomba boti irudishwe majini kwa saa moja, ifungwe mahali pake palepale gatini, waya wake wa umeme ukichomekwa kama kawaida. Mzee hakupenda. Alihofia maji kuzidi kuingia kwenye gia. Nilimwambia gia tutazifungua hata hivyo, na mgonjwa huyu ni lazima apimwe kitandani alikolala. Juu ya trela, nje ya maji, hakuna betri, na kama hakuna betri hakuna cha kupima.

Kwanza nilipima njia. Anodi isipogusana na mguu kwa metali tupu, ni pambo. Multimita, kile kipima umeme cha mkononi, ikiwa kwenye ohmu, ncha moja kwenye anodi iliyokwanguliwa na nyingine kwenye metali tupu ya mguu, inatakiwa isome chini ya ohmu moja. Ya chini ilisoma 0.3, sawa. Ya juu ilisoma 38. Tulipoifungua baadaye tukakuta rangi chini yake: mtu alipaka mguu vizuri, akasubiri ukauke, kisha akafunga anodi juu ya rangi. Pia waya mdogo unaounganisha mguu na silinda za kuuinua ulikuwa umekatika, hivyo silinda hizo zilikuwa peke yao, hazina ulinzi wa mtu yeyote.

Kisha elektrodi ya rejea, ile ya fedha na kloridi ya fedha. Ni kijiti kinachoning'inizwa majini karibu na mguu, waya wake unaingia kwenye multimita, na ncha nyingine ya multimita inagusa mguu. Inakuambia alumini iko katika hali gani. Kwenye maji baridi, mguu wa alumini uliolindwa husoma kati ya milivolti 750 na 1050 hivi. (Multimita itaonyesha alama ya kutoa, mimi naiacha.) Ukisoma chini ya hapo, alumini inaliwa. Ukizidi sana, ulinzi umepita kiasi na rangi itaanza kubanduka.

Tulisoma 590.

Nikamwambia kijana wangu azime swichi ya soketi pale gatini. Ikabaki 590. Mzee akasema, "Unaona, umeme wa gati hauna shida, tumeuzima na hakuna kilichobadilika." Nikamwambia kijana achomoe plagi kabisa. Nambari ikaanza kupanda polepole, ikatulia kwenye 660.

Nilimwita Mzee aje atazame mwenyewe, na tukarudia mara tatu, kuchomeka na kuchomoa, hadi alipoanza kutikisa kichwa. Swichi ya soketi zetu hukata waya wa moto. Waya wa athi, ule wa usalama unaoshuka ardhini, haukatwi na swichi. Uko palepale ukiwa umeunganishwa muda wote plagi imo ndani. Na athi ndiyo iliyokuwa na hatia. Kwenye boti hii waya wa athi wa chaja uliunganishwa na hasi ya betri, hasi ya betri imeunganishwa na injini, injini imeunganishwa na mguu, na mguu uko majini. Upande wa gati, athi inashuka nguzoni hadi kwenye fimbo iliyofunikwa shaba, iliyopigiliwa kwenye udongo mbichi hatua mbili kutoka ukingoni. Soketi ya jirani inahudumia tishari la chuma ambalo halijasogea kwa muda mrefu. Kwa hiyo alumini ya Mzee ilikuwa imefungwa kwa waya mnene na mzuri kwa fimbo ya shaba na tani kadhaa za chuma, vyote katika maji yaleyale. Chui walikuwa wengi kuliko alivyojua.

Ili kuondoa shaka juu ya umeme wa betri unaovuja, ambao huharibu haraka zaidi kuliko haya yote, tuliondoa nyaya za betri kabisa, pamoja na ule wa pampu ya kutoa maji ambao haupiti kwenye swichi kuu. Pampu hizo ni za kuchungwa sana, kwa kuwa viungio vya nyaya zake hulala kwenye maji ya sakafuni. Usomaji ukabaki 660. Upande huo ulikuwa safi.

Kipimo cha mwisho kilinishangaza hata mimi kwa udogo wake. Nilizima meinswichi ya gati, nikaingiza multimita katikati ya waya wa athi, nikasoma mkondo: miliampea 6. Hiyo haiwashi hata balbu ya tochi. Kijana akauliza kama kweli kitu kidogo namna hiyo kinaweza kutoboa alumini. Tukapiga hesabu pamoja kwenye mfuniko wa boksi. Ampea moja ikipita mwaka mzima hula takriban kilo 2.9 za alumini. Kwa miliampea 6 na miezi kumi na mmoja unapata gramu 16, yaani kama vijiko vinne vya sukari. Ukizitawanya gramu hizo mguu mzima hutaona chochote. Lakini mguu ulikuwa umepakwa rangi, na rangi ilikuwa na mikwaruzo ya mawe na kamba. Umeme hautoki palipo na rangi nzima. Ulitoka kwenye mikwaruzo tu, sehemu ndogo kama sarafu za shilingi, na pale ukachimba kwenda chini badala ya kutambaa. Gramu nne zinatosha kutoboa ukuta wa milimita tatu kwenye tundu la ukubwa wa sarafu. Na hapo hatujahesabu kazi iliyofanywa na ile propela yenyewe, ambayo haikuhitaji waya wa gati.

Ndiyo maana napinga ile desturi ya kupaka rangi mguu wenye mikwaruzo juujuu "ili usiendelee". Kama una rangi kidogo na lazima uchague, paka mlaji: ipake ile stenlesi. Ukipunguza eneo la mlaji, mlo unapungua. Ukipunguza eneo la anayeliwa, unamlazimisha aliwe mahali pamoja.

Fundi mmoja wa umeme aliyekuwa akitutazama alitoa suluhisho la dakika mbili: kukata waya wa athi ndani ya plagi. Ni kweli kwamba ulaji ungepungua mara moja. Nilimkatalia kwa sauti kubwa kuliko ilivyostahili, na sijutii. Athi ndiyo inayorudisha umeme siku chaja itakapoharibika ndani na mwili wake ukashika umeme wa volti 240. Ukiikata, umeme huo utatafuta njia kupitia mguu na kuingia majini. Pale gatini watoto huruka na kuogelea kila jioni. Katika maji ya chumvi umeme hutawanyika kumzunguka mtu. Katika maji baridi mwili wa mtu ndio unaopitisha vizuri kuliko maji, kwa hiyo umeme hupita ndani yake, misuli inakaza, na anazama bila hata kupiga kelele. Mguu wa boti hununuliwa. Waya wa athi usikatwe, iwe kwa sababu yoyote.

Njia ya haki ni kuweka kizuizi cha galvani kwenye waya huo. Ndani yake kuna dayodi zilizopangwa pande mbili, nazo hukataa kupitisha msukumo mdogo, hadi karibu volti 1.2, lakini hitilafu kubwa ya umeme wa gati ikitokea zinafunguka na kuupitisha bila kinyongo. Msukumo kati ya alumini na shaba haufiki volti hizo, kwa hiyo unazuiwa. Kanuni yenyewe ni ya zamani. Manowari ya Uingereza iitwayo Alarm ilifunikwa shaba mwaka 1761, na ilipokaguliwa miaka miwili baadaye misumari ya chuma ilikuwa imeoza, isipokuwa pale karatasi ya kahawia iliyofungia mabamba ilipobaki katikati ya shaba na msumari. Karatasi tu. Ukitenganisha, wanaacha kulana.

Hata hivyo sikumshauri Mzee anunue kizuizi. Kingetoka ng'ambo, kingekaa njiani wiki kadhaa, na cha bei rahisi kisichoaminika ni hatari kuliko kutokuwa nacho. Nilimuuliza umeme wa gati anautumia kwa nini. Kuchaji betri tu. Friji? Hana. Taa? Za betri. Basi tukaweka paneli ya sola ya wati 100 juu ya paa la turubai na kidhibiti chake cha chaji, na waya wa gati tukauviringisha na kuuweka stoo. Wavuvi wa omena wanachaji betri za taa zao nchi kavu kila asubuhi na hawana habari ya galvani. Jua la Kisumu linatosha.

Ukarabati wenyewe nitaupitia haraka. Mguu ulifunguliwa wote. Unga tuliuondoa kwa msasa na brashi ya nailoni. Brashi ya chuma hapana, kwa kuwa inaacha chembe za chuma ndani ya alumini na kila chembe ni mlaji mdogo. Tundu lilichomelewa na fundi wa alumini, vishimo vilivyobaki vikajazwa epoksi. Praima ya epoksi ilipakwa siku ileile ya msasa, kwa maana alumini iliyo tupu haisubiri; inajifunika utando wake yenyewe na rangi haitashika vizuri. Sili na beringi zikawekwa mpya, na oili pia. Sehemu za kukalia anodi zilizibwa kwa tepu kabla ya kupaka rangi, na waya wa silinda ukarudishwa.

Jambo moja dogo lilinichukulia muda. Kwenye shafti ya propela tulikuta grisi nyeusi yenye grafaiti. Grafaiti iko juu hata ya stenlesi katika ule mpangilio wa walaji. Kuipaka pale ni kumpeleka mgeni mlafi chumbani. Grisi ya shaba, ambayo mafundi wa breki wanaipenda, ni vivyo hivyo. Tulisafisha yote na kutumia grisi ya kawaida ya boti.

Kuhusu propela tulibishana. Stenlesi haipindi ovyo, na Mzee alikuwa ameinunua kwa fedha nyingi. Mimi nilitaka alumini irudi. Kwenye mawe ya Ndere, propela ya alumini ikigonga inavunjika yenyewe na kuziacha gia salama, na isitoshe haina ugomvi na mguu. Tulikubaliana: alumini majini, stenlesi ibaki kama akiba kwa safari ndefu.

Tukafunga anodi za magnesi, zote, bila kuacha hata zinki moja. Hilo lina sababu. Ukichanganya, magnesi itatumika kuilinda zinki badala ya mguu, na utakuwa unalipa mlinzi amlinde mlinzi. Bolti zikakazwa juu ya metali tupu, kila moja ikapimwa ohmu, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa anodi kwa brashi ya rangi. Nikamwonyesha Mzee pia kwamba anapoinua mguu kukwepa magugu, anodi ya juu inatoka majini huku sehemu ya chini ikibaki imezama. Anodi iliyo hewani hailindi kitu. Kwa hiyo boti inapolala, mguu ulale chini kabisa.

Nilimwandikia onyo kwenye kifuniko cha injini kwa kalamu ya rangi: SI YA BAHARI. Siku boti hii ikirudi Mtwapa, magnesi itolewe kabla haijagusa maji. Kwenye chumvi itayeyuka upesi, na wakati inayeyuka itasukuma ulinzi kupita kiasi hadi rangi ya mguu ifure na kubanduka. Kule inafaa zinki, au anodi ya alumini iliyochanganywa na zinki kidogo na chembe ya indiamu. Hiyo ya alumini ndiyo ningempa mtu ambaye boti yake inahamahama kati ya maji matamu na ya chumvi, kama vile mito inapoingilia bahari.

Rangi yenye shaba, ile ya kuzuia viumbe vya bahari kung'ang'ania chini ya boti, tuliiacha ilipokuwa kwenye faiba, lakini tuliikwangua upana wa kiganja kuzunguka mguu. Ziwani haina kazi. Viumbe vile havipo huku.

Boti iliporudi majini, usomaji wa kwanza ulikuwa 870. Siku ya tatu 940. Hapo nilimpa Mzee elektrodi yangu ya akiba na kumfundisha kuitumia, kwa sababu macho yalishamdanganya mara moja.

Mwezi wa nne baada ya hapo simu ililia alfajiri. "Fundi, kuja haraka. Hizi zinki zako zinaliwa!"

Nilimkuta ameipandisha boti. Mguu ulikuwa mkavu, rangi nzima, hakuna unga hata wa kujaza kucha. Anodi ya chini ilikuwa na mashimo kama jino bovu. Nilimwambia aifungue tuipime. Hatukuwa na mizani, akamtuma mjukuu kwa mama anayeuza omena karibu na gati. Siku ya kuifunga nilikuwa nimeandika uzito wake: gramu 410. Mizani ya mama ilisoma 355.

Mzee alikaa kimya kidogo, akiigeuza mkononi. Kisha akachukua ile kalamu, na chini ya onyo langu kwenye kifuniko cha injini akaandika tarehe na nambari 355, akaacha nafasi chini yake kwa nambari za miezi inayokuja.